Kadi ya Manjano na Yale Isiyoyakinga: Afya ya Msafiri Atokaye Arua na Koboko Kuelekea Kusini

Vitabu na vipeperushi vingi vya afya ya wasafiri vimeandikwa kwa ajili ya mtu atokaye nchi za baridi, ambaye hukusudia kukaa Afrika majuma mawili kisha arejee kwao. Mtu huyo huonyeshwa ramani ambamo maeneo ya hatari yamepakwa rangi, naye huagizwa achanjwe kabla hajaingia humo. Msomaji wa Arua au Koboko akiifungua ramani hiyo hiyo hujikuta yumo ndani ya rangi tangu alipozaliwa. Anapofunga safari ya Lusaka, Harare au Johannesburg, yeye hatoki penye usalama kwenda penye hatari, bali hutoka katika nchi yenye homa ya manjano na kuelekea nchi zisizo nayo, na masharti mengi atakayokutana nayo njiani yamewekwa ili kuwalinda wenyeji wa huko dhidi ya kile anachoweza kukibeba mwilini bila kujua. Kwa sababu hiyo, kinachodaiwa mpakani na kinachohitajiwa na mwili wa msafiri ni mambo mawili tofauti, na mtu aliyekwisha kutimiza la kwanza huweza kudhani, kwa hasara yake, kwamba la pili nalo limekwisha.

Homa ya manjano husababishwa na virusi vinavyoenezwa na mbu, hasa wale wa jamii ya Aedes, ambao huuma mchana na huzaliana katika maji yaliyotuama ndani ya mitungi, matairi makuukuu na mashimo ya miti. Mwituni virusi hivyo huzunguka kati ya mbu na nyani, na binadamu huingia katika mzunguko huo anapokata mbao au anapolima karibu na msitu. Dalili hujitokeza baada ya siku 3 hadi 6: homa, maumivu ya mgongo, kichefuchefu. Wagonjwa wengi hupona hapo, lakini wachache huingia katika awamu ya pili ambamo macho hugeuka manjano, figo hushindwa kazi na damu hutoka puani na mdomoni, na takriban nusu ya wanaofikia hatua hiyo hufariki ndani ya siku 7 hadi 10. Dawa ya kuviua virusi vyenyewe haipo.

Kusini mwa bara mbu wa Aedes yupo, lakini virusi havipo. Hilo ndilo linaloitia hofu Afrika Kusini na jirani zake, kwa kuwa msafiri mmoja mwenye virusi katika damu yake, akiumwa na mbu wa mji wa pwani kama Durban, anaweza kuanzisha mlipuko miongoni mwa watu ambao karibu wote hawajapata kuchanjwa. Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005 zinaziruhusu nchi kudai cheti cha chanjo hii kutoka kwa watu watokao maeneo yenye hatari, na Afrika Kusini hukidai kwa kila msafiri aliyezidi umri wa mwaka mmoja atokaye nchi hizo, Uganda ikiwemo, hata kwa yule aliyepita tu katika uwanja wa ndege wa nchi kama hiyo na kukaa humo zaidi ya saa 12. Aendaye kwa barabara, kwa basi la Kampala, kisha Mutukula, Tunduma na Nakonde, Chirundu na hatimaye Beitbridge, anavuka milango kadhaa ambayo kila mmoja unaweza kumwulizia kadi hiyo, na kuruhusiwa mlango wa kwanza bila kuulizwa si dhamana ya mlango wa nne.

Wasiwasi huo wa nchi za kusini una msingi. Mwaka 2019 wagonjwa wa homa ya manjano walithibitishwa Koboko na Masaka, na mwanzoni mwa mwaka 2020 wengine wakathibitishwa Moyo na Buliisa, wilaya zilizo kando ya Mto Nile. Wakati huo chanjo hii haikuwa katika ratiba ya kawaida ya watoto wa Uganda. Iliingizwa humo Oktoba 2022, na baadaye kukafuata kampeni za kuchanja umma kwa awamu, zikiwalenga watu wa umri wa mwaka 1 hadi 60. Kufikia mwisho wa Aprili 2024 Wizara ya Afya ilieleza kwamba watu milioni 12.2 kati ya milioni 14 waliolengwa walikuwa wamechanjwa, na kwamba kadi ingedaiwa kwa waingiao na watokao Uganda vilevile. Aliyechanjwa katika kampeni hizo anayo kinga ile ile anayoipata aliyechanjwa katika kliniki ya wasafiri, mradi aitunze kadi aliyopewa na ahakikishe kwamba inatambulika kimataifa; hasara ni kwa yule aliyeitupa ndani ya sanduku la bati, mchwa wakaila, akalazimika kuanza upya.

Historia ya homa hii na ya mkoa wa West Nile zimefungamana kwa namna ya ajabu kidogo. Mkataba wa kwanza wa kimataifa wa afya ya safari za anga, uliotiwa saini The Hague mwaka 1933, ulitokana kwa kiasi kikubwa na hofu kwamba ndege zingeipeleka homa ya manjano Asia, na mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller ulisaidia kuanzisha Entebbe taasisi ya utafiti wa homa hiyo, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Mwaka 1937 watafiti wake, wakiitafuta homa ya manjano, walichukua damu ya mwanamke mmoja mwenye homa huko Omogo, katika wilaya iliyoitwa West Nile, wakapata ndani yake virusi ambavyo havikuwa vile walivyovitafuta. Virusi hivyo vilipewa jina la wilaya, na jina hilo likavuma duniani mwaka 1999 vilipozuka New York. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali, ushauri mwema uliokuja kwa kuchelewa miaka 78 kwa watu wa Arua, ambao bado hulazimika kuwaeleza wageni kwamba maradhi hayo hayakuwa yao peke yao wala hayawasumbui kuliko wengine. Virusi hivyo huishi zaidi kwa ndege na mbu, na kwa binadamu havina chanjo iliyoidhinishwa.

Cheti chenyewe, ambacho wasafiri wa Afrika Mashariki hukiita kadi ya manjano kwa sababu ya rangi yake, ni kijitabu kidogo ambacho thamani yake imo katika mstari mmoja tu. Juu huandikwa jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, uraia na namba ya kitambulisho. Chini, katika mstari wa chanjo, huandikwa jina la ugonjwa, tarehe ya sindano, saini na cheo cha mtabibu, jina la mtengenezaji pamoja na namba ya toleo la dawa, muda wa uhalali, kisha muhuri rasmi wa kituo. Kisanduku kimoja kikikosekana, afisa wa mpakani ana haki ya kuikataa kadi nzima. Kwa watu wa West Nile kuna tatizo ambalo miongozo ya kigeni haiwezi kulifikiria: mtu mmoja anaweza kuwa na jina la ukoo alilopewa nyumbani, jina la ubatizo au la Kiislamu, na jina la shule lililoandikwa na mwalimu kwa tahajia yake mwenyewe, na kila ofisi ikawa na lake. Kadi ni lazima ifuate pasipoti, herufi kwa herufi, na wa kulihakikisha hilo ni msafiri mwenyewe, kabla hajatoka mlangoni mwa kituo.

Kinga huhesabiwa kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, wala si siku ya sindano. Mtu aliyechanjwa Jumatatu na kupanda ndege Ijumaa ya juma hilo hilo anayo kadi ya kweli ambayo bado haijaanza kazi, na hutendewa kama asiye na kadi. Kwa upande wa pili, tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hudumu maisha yote ya mwenye nacho, na kadi za zamani zilizoandikwa kwamba uhalali wake ni miaka 10 zinaingia katika kanuni hiyo bila kuandikwa upya. Yeyote anayemwambia msafiri kwamba imempasa kuchanjwa tena kwa kuwa miaka 10 imepita, na kwamba alipie, hajaisoma kanuni, au ameisoma na kunyamaza.

Chanjo hii ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, aina ya 17D aliyoiunda Max Theiler mwaka 1937 na ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1951, na mpaka leo huoteshwa ndani ya mayai ya kuku. Kutokana na asili hiyo haipewi mtu mwenye mzio mkali wa mayai, wala mtoto wa chini ya miezi 6, wala mtu ambaye kinga ya mwili wake imeshuka sana, kama vile aishiye na virusi vya ukimwi ambaye hesabu ya chembe zake za CD4 iko chini ya 200. Aliyezidi miaka 60 na anayechanjwa kwa mara ya kwanza hupimwa kwanza faida na madhara, kwa kuwa madhara makali, ingawa ni nadra, huwapata wazee zaidi. Msafiri asiyeweza kuchanjwa kwa sababu za kitabibu ana njia halali, nayo ni cheti cha msamaha kinachotiwa saini na daktari na kupigwa muhuri. Nchi ya ugenini haifungwi kukikubali, lakini imempasa afisa wake akipime. Dawa yenyewe huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, huja ikiwa unga mkavu katika kichupa, na ikishachanganywa na maji yake hutumiwa ndani ya saa 6, kisha inayobaki humwagwa. Ndiyo maana kituo chenye vichupa vya watu 10 huweza kumwambia msafiri mmoja aje siku ya wengi; huko si kumzungusha, ni kuiokoa dawa, na msafiri mwenye busara huulizia siku hiyo mapema.

Pamoja na hayo, kadi za bandia zimezagaa katika vituo vingi vya mabasi barani, zikiuzwa na watu wasio na sindano wala jokofu. Machi 2012 Afrika Kusini iliwarudisha Wanigeria 125 waliofika Johannesburg kwa madai kwamba kadi zao hazikuwa za kweli. Nigeria ilijibu kwa kuwarudisha raia wa Afrika Kusini, na mwishowe Pretoria ikaomba radhi rasmi. Tukio hilo hukumbukwa zaidi kama ugomvi wa kidiplomasia, lakini lilionyesha kwamba kadi ya kughushi humponza hata mwenye kadi ya kweli atokaye nchi hiyo hiyo, kwa kuwa shaka ikishaingia humwangukia kila mwenye pasipoti ya rangi ile.

Kwa Waislamu wa Koboko, Yumbe na Arua, safari ya hija ina sharti jingine. Homa ya uti wa mgongo, yaani uvimbe wa utando unaoufunika ubongo na uti wa mgongo, huletwa mara nyingi na bakteria wapitao kwa pumzi na mate, na huwaka zaidi wakati wa kiangazi katika ukanda unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, ambao Mfaransa Lapeyssonnie aliueleza mwaka 1963. West Nile imo katika pembe ya kusini ya ukanda huo, na mwanzoni mwa mwaka 2007 ugonjwa huo ulizishambulia Arua, Koboko na wilaya jirani kwa mkupuo mmoja. Januari 2017 wilaya za kaskazini mwa Uganda zilichanjwa kwa chanjo iliyotengenezwa mahsusi kwa bakteria hao wa aina ya A. Lakini Saudi Arabia, baada ya mahujaji kuambukizwa aina ya W mwaka 2000 na 2001, hudai chanjo ya aina nne kwa pamoja, yaani A, C, W na Y, iliyopigwa siku zisizopungua 10 kabla ya kuwasili. Aliyechanjwa katika kampeni ya mwaka 2017 hajalitimiza sharti hilo, ingawa yeye mwenyewe huapa kwamba alikwisha kuchanjwa uti wa mgongo. Aendaye kusini haulizwi chanjo hii kabisa.

Hapo ndipo orodha ya yanayodaiwa inapokoma, na orodha ya yanayoua inapoanza. Malaria, ambayo hakuna mpaka unaoulizia kadi yake, humdhuru msafiri wa West Nile kwa njia asiyoitarajia. Mtu mzima aliyekulia Koboko, akiumwa na mbu mwaka baada ya mwaka, hujijengea kinga ya nusu, maana yake vimelea huweza kuwamo katika damu yake bila kumwangusha; kinga hiyo hudumu kwa kuumwa mara kwa mara, na hufifia mtu anapokaa miaka michache mahali pasipo malaria, kama Johannesburg au Cape Town. Anaporudi Desemba kuwaona wazazi hujiona mwenyeji, hulala bila chandarua kama alivyolala utotoni, na watoto wake waliozaliwa huko, ambao hawajapata kuwa na kinga yoyote, hulala naye. Hao ndio wanaohitaji dawa za kuzuia malaria kuliko hata mtalii: doksisaiklini, inayoanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia na kuendelea majuma 4 baada ya kutoka, isipokuwa kwa wajawazito na watoto wadogo, au atovakwoni iliyochanganywa na proguanili, inayokoma siku 7 baada ya kutoka. Dawa mseto za artemisinini zinazouzwa katika kila duka la dawa la Arua ni za kutibu, na kumeza dozi moja njiani ili kujikinga ni kupoteza dawa. Chanjo ya malaria iliyozinduliwa Uganda Aprili 2025 ni ya watoto wachanga, na haimhusu msafiri mtu mzima.

Safari ya kinyume nayo ina hatari yake. Afrika Kusini ina malaria katika sehemu za mikoa ya Limpopo, Mpumalanga na KwaZulu-Natal tu, hasa kati ya Septemba na Mei, hivyo mganga wa zahanati ya Johannesburg anayempokea mgonjwa mwenye homa na maumivu ya viungo mwezi wa Julai hufikiria mafua ya kipupwe kwanza. Vimelea alivyoondoka navyo msafiri huko Arua huweza kujitokeza siku 7 hadi 30 baadaye, pengine zaidi, na mgonjwa asipotamka kwamba ametoka Uganda huenda kipimo kisichukuliwe mpaka hali imekuwa mbaya.

Miongoni mwa chanjo zisizodaiwa, ile ya homa ya ini aina ya B ndiyo yenye uzito zaidi. Uganda iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo, ambao ndio wasafiri na wachuuzi wa leo, hawakuipata uchangani. Huchanjwa mara 3 katika miezi 6 baada ya kupimwa, na anayeanza juma moja kabla ya safari huondoka na kinga isiyotimia. Kuhusu kichaa cha mbwa, aliyeumwa na mbwa popote, iwe KwaZulu-Natal au sokoni Arua, anapaswa kukiosha kidonda kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha atafute chanjo siku hiyo hiyo, maana dalili zikijitokeza hakuna tiba. Kipindupindu kiliua zaidi ya watu 1,700 nchini Malawi katika mlipuko wa mwaka 2022 na 2023, na Zambia ikafuatia. Chanjo yake ya kunywa imekuwa haba kiasi kwamba tangu Oktoba 2022 wanaokumbwa na mlipuko hupewa dozi moja badala ya mbili, hivyo msafiri asiitegemee, ategemee maji yaliyochemshwa na chakula kilicho moto.

Safari za kila siku za West Nile, hata hivyo, si za Johannesburg. Ni za Ariwara siku ya soko, za Kaya kupitia Oraba, za Aru kupitia Vurra, na sehemu kubwa yake hupita njia za miguu, kwa kuwa Wakakwa wanaishi katika nchi tatu na Walugbara katika Kongo na Uganda, na eneo lenyewe lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha Sudan, kabla halijaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Kongo na Sudan Kusini nazo hudai kadi ya manjano, lakini mama anayevuka na kikapu cha samaki wakavu haulizwi na mtu. Mwishoni mwa Juni 2019 mgonjwa wa Ebola aliyetokea Beni, huko huko Kongo, alithibitishwa Ariwara, na kwa majuma kadhaa vituo vya kunawa mikono na kupima joto vilikuwa ndiyo kinga pekee iliyoonekana mpakani. Chanjo ya Ebola iliyotumika wakati huo hupewa wahudumu wa afya na waliokaribiana na wagonjwa, tena hukinga dhidi ya aina ya Zaire peke yake. Aina ya Sudan, iliyozuka Mubende mwaka 2022 na Kampala mwaka 2025, haijapata chanjo iliyoidhinishwa.

Yapo pia maradhi ambayo mwenyeji wa West Nile anayajua kwa sura moja na kuyakuta ugenini kwa sura nyingine. Malale huenezwa na mbung'o, na Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zake zote mbili. Ya kaskazini-magharibi, iitwayo ya Gambia, hujikokota kwa miaka. Dhidi yake kandokando ya mito ya Arua, Maracha na Koboko vimesimikwa, tangu mwaka 2011, vitambaa vidogo vya buluu vilivyoshonwa pamoja na wavu mweusi uliotiwa sumu, kwa kuwa mbung'o wa mtoni huvutwa na rangi hiyo, hugusa na kufa. Na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba aina hiyo si tatizo la afya ya umma tena Uganda. Aina ya pili, ya Rhodesia, ndiyo iliyoko katika bonde la Luangwa nchini Zambia na katika mbuga za Zimbabwe, nayo huua kwa majuma au miezi michache. Haina chanjo wala dawa ya kuizuia. Nguo nzito za mikono mirefu husaidia, mradi zisiwe za buluu wala nyeusi. Dereva wa lori au kibarua wa mbugani anayerudi Koboko akiwa na homa na kidonda chekundu kilichovimba pale alipoumwa atapimwa malaria kwanza, na huenda akakutwa nayo, kwa kuwa vimelea vyake havikosekani. Ni juu yake kumweleza mtabibu kwamba alipita Luangwa, na lini, ili tone lile lile la damu litazamwe tena chini ya hadubini kwa ajili ya ugonjwa ambao kliniki hiyo haikuwa na sababu ya kuutarajia.